Uzito wa Ng'ombe Wanane

Watu walizidi kupanda garini. Hakuna aliyewaita, na hakuna aliyethubutu kuwazuia, maana msiba hauna kadi ya mwaliko. Shangazi Jerusha aliingia na akina mama wa kanisa, kila mmoja na kikapu chake. Wakaingia wazee wawili ambao hata jina la marehemu walilikosea. Wakaingia vijana wa kwaya na ngoma yao. Kufikia saa tatu asubuhi nyumba ya magurudumu ya Walter ilikuwa imeshiba watu mpaka vioo vyake vikatoa jasho. Nyuma yake, ndani ya trela ya chuma, ng'ombe wanane wa Jeremiah walisimama wakisukumana.

Ilikuwa Ijumaa. Phanice, mkewe Jeremiah, alikuwa bado katika chumba cha maiti mjini Migori. Baba yake, mzee Boaz, Mkuria asiyependa maneno mengi, alikuwa ametuma neno moja tu: ng'ombe wanane wa mahari waliokubaliwa waingie zizini kwake, wote pamoja, kabla jua la Ijumaa halijazama. Wasipoingia, atamzika binti yake mwenyewe, kwake, kama msichana ambaye hakuwahi kuolewa. Jeremiah na Phanice hawakujaliwa mtoto. Kaburi ndilo kitu pekee ambacho kingebaki kusema kwamba Jeremiah aliwahi kuwa na mke, na alilitaka likae karibu na mlango wake, hapo nje ya mji wa Homa Bay, mahali ambapo angeliona kila akitoka.

Basi si angekodi lori, utasema. Lori lilikuwepo. Jirani mmoja anayebeba samaki kutoka Sori alijitolea kuwapeleka ng'ombe kwa bei ya mafuta tu. Walter, kaka yake mkubwa, ndiye aliyekataa, tena mbele ya waombolezaji. Alisema ng'ombe wa ukoo wao hawatakwenda kwa wakwe wakinuka omena, na gari lenye nguvu kuliko malori yote ya ufukweni lilikuwa limeegeshwa hapo uani. Watu wakampigia makofi. Jeremiah, ambaye riziki yake ni hiyo hiyo omena, dagaa wa ziwani, akainamisha kichwa na kunyamaza, kama alivyozoea kunyamaza kila kaka yake akifungua kinywa.

Hilo gari lenyewe lilikuwa kitu cha kutazamwa. Walter alilinunua kwa Wazungu wawili waliokuwa wakizunguka nalo Afrika mpaka wakaichoka njia, na labda hata mmoja kumchoka mwenzake. Lilikuwa na urefu wa basi, na ndani yake mlikuwa na jiko, choo, tangi la maji na kitanda kipana kule mwisho kabisa. Walter alirudi kutoka ng'ambo na akiba ya maisha yake yote, akaimaliza hapo. Alinuia kuwalaza humo watalii wanaokwenda kisiwani Takawiri. Watalii hawakuja. Lakini kila mtu kijijini aliyelitazama lile dubwana alimwona Walter kuwa tajiri, na Walter naye akaona ni dhambi kuwapokonya watu imani yao.

* * *

Leonida, mkewe Walter, alimvuta mumewe nyuma ya trela kabla ya safari. Hakuwa ameoga wala kula. Usiku mzima walikuwa wamegombana kwa sauti ya chini, na sasa alitaka kulimaliza jambo lenyewe mchana.

"Nimesoma tena kile kibati cha kando ya mlango wako," alisema. "Nyumba na kitu inavuta, vyote pamoja, visipite tani kumi na mbili. Nyumba ikiwa tupu iko karibu nane na nusu. Walter, hesabu watu umebeba."

"Na mimi nimesoma hiki chuma." Walter alikigusa kwa kiatu chuma cha kuvutia, pale trela iliponasa. "Kimeandikwa tani nne na nusu. Trela na ng'ombe haifiki hata nne. Relax."

"Hiyo ni nguvu ya chuma. Si nguvu ya gari. Unatoa nyumba, unatoa watu, unatoa maji, unatoa mizigo. Kinachobaki ndiyo cha ng'ombe. Na wewe hujabakisha kitu."

Walter alimtazama mkewe kwa chuki ambayo hakuwa nayo kabla ya siku hiyo, au alikuwa nayo lakini hakuwahi kuipa nafasi. Alimwuliza kama alitaka amwambie Shangazi Jerusha ashuke kwa sababu ni mzito. Alimwuliza kama alitaka wazee warudi nyumbani waseme kwamba Walter, na gari kubwa kama lile, ameshindwa kubeba mama yake. Kisha akamwambia kitu kilichomkata Leonida maini: kwamba mwanamke anayehesabu uzito wa wakwe zake kwenye msiba hana msiba moyoni.

"Sawa," Leonida alisema. "Nimenyamaza. Lakini usiniite wakati itakataa kusimama."

Alipanda akakaa kiti cha mbele, akafunga mkanda, na hakumtazama mumewe tena njia nzima.

Tatizo lingine lilikuwa kitanda. Kwa Wajaluo mzazi hakai chumba anacholala mwanawe na mkewe, na nyumba ile haikuwa na chumba, ilikuwa na pazia tu. Mama Dorah, mama yao Walter na Jeremiah, alipopanda na kuona lile pazia, alisimama mlangoni akakataa kusogea. Baba mdogo Omanga, aliyekuwa kiongozi wa safari kwa kuwa ndugu yake marehemu ndiye aliyewazaa hawa wawili, naye akasema hawezi kupita hapo, hata kama gari linawaka moto. Wazee wote wakajibana upande wa mbele. Kilichobaki nyuma, juu ya kitanda na chini yake na kando yake, kikawa mizigo: magunia ya unga, kreti za soda, masufuria ya shughuli, hema la kanisa. Heshima ilihifadhiwa. Uzito wote ukarundikana mkiani, nyuma ya magurudumu ya nyuma, juu kabisa ya pale trela ilipokuwa imening'inia.

Hakuna aliyelifikiria hilo. Kwaya ilianza wimbo, Walter akawasha gari, na lile jumba likatoka uani likiwa limenyanyua pua kidogo, mithili ya mtu mwenye majivuno.

* * *

Mpaka Rongo mambo yalikwenda, ila polepole. Kila mlima mdogo ulilifanya gari lilie, na nyuma yao magari yalipanga foleni, madereva wakipiga honi na kutoa mikono nje kutukana. Walter aliwaambia abiria kwamba madereva wa Kenya hawana adabu. Wanakwaya waliimba zaidi ili kufunika honi. Jeremiah alikaa kwenye ngazi ya mlango, koti lake la msiba magotini, akiwasikiliza ng'ombe wake.

Walipoanza kuteremka kuelekea Migori, Walter alihisi usukani umekuwa mwepesi mikononi. Aliukata kidogo kushoto, gari halikutii mara moja, kisha likatii kupita kiasi. Trela ilikuwa ikisukuma. Alikanyaga breki, gari likapunguza mwendo. Akakanyaga tena, likapunguza kidogo. Mara ya tatu mguu ulizama mpaka chini na nyumba ikaendelea na safari yake. Harufu ya kitu kinachoungua ikaingia ndani. Wimbo ukakatika katikati ya ubeti, na Mama Dorah akaanza kuomba kwa Kijaluo, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeongea na mtu aliyekaa mbele yake.

Walter alikuwa na bahati, na bahati hiyo hakustahili. Upande wa kushoto palikuwa na uwanja wa kupimia miwa, lango lake likiwa wazi na njia ya kuingilia ikipanda. Aliliingiza dubwana humo, trela ikayumba nyuma, soda zikapasuka kitandani, na mlima ule mdogo ukafanya kazi ambayo breki zilikuwa zimeikataa. Walisimama karibu na kijumba cha karani. Moshi ulikuwa ukitoka kwenye magurudumu.

Jeremiah alikuwa wa kwanza kushuka. Alikimbilia trela. Ng'ombe mmoja, jike jekundu, alikuwa ameanguka akakanyagwa na wenzake, lakini aliinuka alipovutwa mkia. Wote wanane walikuwa hai. Jeremiah aliegemeza paji la uso kwenye chuma cha trela, na hasira aliyokuwa akiimeza tangu utoto ilianza kupanda.

* * *

Karani wa mizani aliitwa Sammy, kijana mwenye meno meupe na siku isiyo na kazi, maana miwa haikuwa imeletwa asubuhi hiyo. Alilizunguka gari akicheka. Aliuliza kama wanahamisha kijiji. Alipoambiwa ni msiba alitoa pole, lakini kicheko hakikuisha usoni.

"Hebu tuitoe trela, mpande kwa mizani na hiyo nyumba," alisema. "Bure tu. Nataka kujua mwenyewe."

Walter alikataa. Omanga akasema ipimwe. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo mtu kumpinga Walter mbele ya watu. Wakaifungua trela, nyumba ikasukumwa na kuvutwa mpaka ikakaa juu ya bamba la mizani, kisha watu wote wakarudi ndani. Sammy aliingia kijumbani, akatoka, akaingia tena kuhakikisha.

"Tani kumi na nusu, na kidogo," alisema. "Hii ni nyinyi peke yenu. Ng'ombe bado."

Kisha wakaipima trela na ng'ombe wake. Tani tatu na ushei. Sammy hakuwa na haja ya kusema zaidi, lakini alisema. Aliuliza gari linaruhusiwa jumla ya tani ngapi. Walter alijibu kwamba chuma cha kuvutia kimeandikwa nne na nusu.

"Chuma ni chuma, mzee. Nauliza gari."

Watu wote walimgeukia Leonida, kwa sababu alikuwa amesimama karibu na kile kibati na kwa sababu uso wake ulionyesha anajua. Leonida alikuwa ameahidi kunyamaza na alitamani sana kutimiza ahadi hiyo. Alimtazama mumewe akingoja aseme mwenyewe. Hakusema.

"Kumi na mbili," Leonida alisema. "Tumepita karibu tani mbili."

Shangazi Jerusha alisonya. Alisema haelewi. Kitu kikubwa vile, kirefu kuliko kanisa lao, kinashindwaje na ng'ombe wanane ambao hata lori la kubeba mchanga lingewameza? Wengine wakaitikia. Walikuwa wameamini maisha yao yote kwamba kikubwa kina nguvu, na kwamba mtu akiwa nacho kikubwa ni lazima atawavuta wengine. Leonida aliwaeleza, bila huruma, kwamba nguvu yote ya lile gari ilikuwa imekwisha kwa kujibeba lenyewe. Jiko linabebwa. Choo kinabebwa. Maji yanabebwa. Ukilitazama kwa nje unaona ukubwa, lakini huo ukubwa ndio uliokula nguvu.

"Basi mama zangu, shukeni," Walter alisema. Alijaribu kutabasamu. "Mtashuka, tutatoa mizigo, mimi nitaenda na ng'ombe peke yangu. Nyinyi mtapanda matatu, mtanikuta huko."

Hapo ndipo uwanja ulipochafuka. Mama mmoja wa kanisa alisema hajawahi kupimwa kama gunia na kisha kuteremshwa kwa kuwa ni mzito. Mwingine akasema kama ni uzito, waanze na wale wazee wawili waliokuja kula. Wazee wakauliza nani ameitwa mlafi. Vijana wa kwaya walikuwa wameshaanza kunywa soda zilizopasuka. Jerusha alisimama mbele ya Walter, mikono kiunoni, akamwuliza swali moja rahisi.

"Tutashuka. Na nauli?"

Walter alijipapasa mfuko wa koti. Alisema pesa zake zimefungwa benki mpaka wiki ijayo. Alisema mtandao wa simu unasumbua. Alisema akina mama wajilipie kwanza, atawarudishia. Alizungumza haraka, na kadiri alivyozungumza ndivyo watu walivyonyamaza, mpaka sauti iliyobaki uwanjani ikawa yake peke yake.

Jeremiah aliacha trela akaja.

"Huna," alisema.

"Ninyi hamjui vile hizi vitu—"

"Huna, omera, ndugu yangu. Ulikataa lori ya jirani kwa sababu hukuwa na pesa ya mafuta yake, na hii yako ilikuwa nayo tayari kwa tangi. Si omena. Ulisema omena mbele ya watu, nikaona aibu na kazi yangu, na mke wangu akiwa kwa barafu." Sauti yake haikupanda. "Miaka sita nimekuwa na hawa ng'ombe. Kila mwaka unanipigia simu kutoka ng'ambo. Ngoja. Usipeleke kama maskini. Nikirudi tutaenda pamoja, na gari, na watu, wakwe watajua sisi ni nani. Nikangoja. Ungesema tu huna, Walter. Hiyo neno moja. Ningejua nafanya nini."

Walter alitaka kumpiga. Mkono wake uliinuka kabisa, na Mama Dorah akasema jina lake mara moja, na mkono ukashuka. Uso wa Walter ulikuwa umejaa chuki. Alimchukia mdogo wake kwa kusema kweli, akamchukia mkewe kwa kuijua mapema. Hata wale akina mama aliwachukia, kwa kuwa walikuwa wamempigia makofi. Alisema kwa meno yaliyoumana kwamba hata hivyo gari linaweza, likiachwa tupu litafika, hesabu zenyewe zinasema. Hilo lilikuwa kweli kwa hesabu. Sammy alichota maji kwenye ndoo akayamwaga juu ya gurudumu la mbele. Maji yalichemka na kupanda hewani kabla ya kufika chini.

"Breki imekufa, mzee," Sammy alisema, na safari hii hakucheka. "Hii sasa haivuti hata mbuzi."

Jua lilikuwa limevuka utosi. Jeremiah aliivua tai ya msiba, akaitia mfukoni, akafungua mlango wa trela.

* * *

Waliokwenda hawakuwa wengi. Jeremiah alikwenda, na Omanga, ambaye alikulia nyuma ya mikia ya ng'ombe na miguu yake ilikumbuka kazi hiyo kuliko kichwa chake. Jerusha aliwafuata pamoja na akina mama wawili, viatu vyao mikononi. Leonida alitembea mwisho na fimbo ya mti aliyoivunja uani kwa karani. Mama Dorah alibaki kwa sababu ya goti lake. Aliambiwa apumzike ndani ya nyumba ya magurudumu, akakataa, akaketi kwenye nyasi mgongo ukiwa umelielekea gari. Walter aliketi kwenye ngazi ya mlango wake. Mama na mwana walikaa hivyo mchana wote hatua chache mmoja kutoka kwa mwenzake.

Kupita Migori mjini ndiko kulikokuwa kugumu zaidi. Ng'ombe waliziba barabara karibu na daraja, na madereva wa bodaboda wakawauliza kama wamepotea njia ya mnadani. Polisi mmoja aliwasimamisha akauliza kibali cha mifugo. Kibali kilikuwepo, Omanga alikitoa, lakini polisi alikisoma kwa kituo na kuwakumbusha kwamba ikifika saa kumi na mbili jioni ng'ombe wakiwa barabarani watalala kituoni, pamoja na wenyewe. Mwanamke muuza ndizi alimpigia Jerusha kelele kwa sababu jike jekundu lilikuwa limepitisha ulimi kwenye biashara yake. Jerusha, ambaye siku nyingine angemjibu mpaka watu wakusanyike, alisema pole na kupita.

Kwenye njia panda ya hospitali Jeremiah alipunguza mwendo. Chumba cha maiti kilikuwa kule chini, hakionekani kutoka barabarani. Alisimama kiasi ambacho ng'ombe wawili walimpita. Omanga alimgusa bega na ncha ya fimbo, kama anavyoguswa ndama, akamwambia wasonge mbele, jua halina mkwe.

Baada ya mji waliiacha lami wakashika njia ya kukatia kuelekea Ukuria, kati ya mashamba ya mahindi na tumbaku. Hapo ng'ombe walitulia, wakashika mwendo wao. Walitembea vizuri. Ilikuwa aibu jinsi walivyotembea vizuri, bila kuvutwa na mtu, wakipanda na kushuka, kila mmoja akijibeba kwa miguu yake minne. Leonida aliliona hilo na akalifikiria muda mrefu, lakini hakumwambia mtu. Alikuwa tayari amesema mengi kwa siku moja.

* * *

Waliingia kwa mzee Boaz jua likiwa juu ya miti tu. Karibu na migomba wanaume wanne walikuwa wakichimba. Shimo lilikuwa limefika magotini. Jeremiah aliliona, akajua ni la nani, akawaswaga ng'ombe kuelekea zizini.

Boaz hakuwasalimu. Alisimama kwenye lango la zizi na bakora yake, na Kiswahili ndicho kilichosimama kati yake na wageni wake, kwa kuwa hakuna aliyejifunza lugha ya mwenzake.

"Nilisikia mnakuja na nyumba," Boaz alisema. "Iko wapi nyumba?"

"Imeharibika njiani, mzee," Omanga alijibu.

"Haya. Wapitishe mmoja mmoja."

Wakapitishwa. Boaz alifungua midomo ya ng'ombe akatazama meno, akabinya nyonga, akapapasa viwele. Kwenye jike jekundu alisimama. Alinyoosha bakora kuonyesha jeraha la kwato, akasema huyo ni mgonjwa, waliokubaliwa walikuwa wanane wazima. Omanga alisema ni jeraha la leo, la trela. Boaz akasema hakuomba historia. Walibishana hapo kwa ukali, wazee wawili waliokuwa wamechoka, mpaka Omanga akavua koti lake, koti zuri la sufu, la pekee alilokuwa nalo, akalitundika kwenye mti wa lango. Alisema hilo ni la kidonda. Boaz alilitazama koti. Hakuligusa, lakini aliisogeza bakora, jike jekundu likaingia.

Kisha akawageukia wachimbaji na kusema neno moja kwa Kikuria. Wakapanda kutoka shimoni, mmoja baada ya mwingine, wakajipangusa udongo.

"Kesho asubuhi mtamchukua," alimwambia Jeremiah. "Ni mke wako."

Jeremiah aliinama. Jerusha alianza kulia, na wale akina mama wawili wakamfuata. Jambo lilikuwa limekwisha. Mke wake atalala karibu na mlango wake.

Hapo ndipo Priscilla, mama yake Phanice, alipotoka jikoni. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, kwa hiyo Jeremiah aliyashusha macho na kurudi nyuma, na Priscilla naye alipita upande wa mbali wa zizi, akampa mgongo. Aliwatazama ng'ombe. Vumbi lilikuwa limewafika magotini.

"Hawa wametembea," alisema, kana kwamba anaongea na uzio.

"Ndiyo, mama." Jeremiah alifurahi kwamba amesemeshwa. "Gari ilikataa. Lakini ni ng'ombe wenye nguvu, hawakusumbua. Hata kutoka nyumbani kwetu wangefika. Ni siku mbili tu."

Priscilla aliushika uzio kwa mikono miwili.

"Siku mbili," alisema. Akageuka. Alivunja mwiko wa watu wake na wa watu wa Jeremiah kwa pamoja, akamtazama mkwewe machoni. "Phanice alikuwa anakuja hapa anakaa huko nje ya lango, kwa sababu baba yake alimkataza kuingia bila ng'ombe. Mimi nampelekea chakula huko, kama mbwa wa jirani. Kila mara namwuliza, mwanangu, hao ng'ombe wanangoja nini? Ananiambia, mama, tunangoja gari."

Omanga alitazama pembeni. Boaz alikuwa akiufunga mti wa lango la zizi, na aliufunga polepole kuliko ilivyohitajika.

Priscilla hakungoja jibu. Alirudi jikoni, na punde wakasikia akivunja kuni. Giza lilikuwa linaingia, na Leonida akamwambia Jeremiah kwa upole kwamba ni lazima waondoke. Ilibidi amwambie tena, kisha amshike mkono, maana alikuwa bado amesimama pale pale akiwatazama ng'ombe wake miguuni.